Je, Kuchemsha Kunatosha Kuondoa Sumu katika Maua Yanayoliwa?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi na mwenzangu tumeanza kazi ndogo ya kusindika maua yanayoliwa. Mengine tunayakausha kwa ajili ya chai, mengine tunayatengenezea sharubati, na mengine tunayachemsha na kuyafungasha kama mboga. Yote ya mboga na sharubati tunayachemsha kwa dakika 20, tukiamini kwamba moto huua sumu yoyote ya mmea. Juzi mteja alituuliza tuna uhakika gani, tukakosa la kumjibu. Je, utaratibu wetu unatosha? Na yale tunayoyaanika tu, jua linayasafisha?

JIBU: Ndugu msomaji, mteja wenu amewauliza swali la maana sana, na nawashukuru kwa kulileta hapa badala ya kulinyamazia. Moto huua vijidudu, lakini sumu asilia ya mmea haina uhai wa kuuawa. Ni kemikali ambayo mmea huitengeneza ili kujikinga na wadudu na wanyama, na kila kemikali ina tabia yake: ipo inayoyeyuka katika maji, ipo inayogeuka gesi na kupaa, ipo inayovunjwa na joto, na ipo inayobaki vilevile hata mkiichemsha kutwa nzima. Kwa hiyo dakika zenu 20 zinaweza kuwa nyingi mno kwa ua moja na zisisaidie lolote kwa jingine.

Chukueni begonia zinazoliwa, ambazo petali zake zina ukali kama wa ndimu kwa sababu ya asidi ya oksaliki. Oksalati, yaani asidi hiyo na chumvi zake, ile inayoyeyuka haivunjwi na joto la sufuria, bali hutoka katika ua na kuingia katika maji. Mkichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, sehemu ya oksalati huondoka nayo. Mkipika kwa maji kidogo mpaka yakauke, au mkikaanga, inabaki humo humo kwa kuwa hakuna cha kuibeba. Saponini, kemikali za mmea zinazotoa povu kama sabuni na ambazo huchangia uchungu wa maua ya yuka, nazo hupunguzwa kwa kuchemsha na kumwaga maji. Kishawishi kikubwa kwa msindikaji ni kuyahifadhi maji ya kwanza kwa sababu yana rangi ya kupendeza, kisha kuyafanya msingi wa sharubati. Nawasihi myamwage. Ni kweli kwamba vitamini C na sehemu ya rangi zitapotea pamoja nayo, lakini hiyo ni hasara ndogo kuliko kumnywesha mteja kile mlichokusudia kukitoa. Hata baada ya hapo, mtu mwenye historia ya mawe ya figo aambiwe kwenye kibandiko kwamba bidhaa ina oksalati.

Glikosidi za sianidi, yaani kemikali za mmea zinazotoa sumu ya sianidi zikivunjwa, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa kuchemsha kwa haraka kunaweza kuharibu kazi. Ndani ya mmea, glikosidi hiyo hukaa mbali na kimeng'enya, yaani protini ya mmea inayoivunja. Tishu ikipondwa au kukatwakatwa, viwili hivyo hukutana na haidrojeni sianidi, ndiyo sumu yenyewe, hutokea, nayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi tu za Selsiasi, hivyo hupaa kwa urahisi ikiachiwa nafasi. Lakini mkitumbukiza tishu nzima katika maji yanayotokota, kimeng'enya huharibika kabla hakijafanya kazi, na glikosidi isiyotoka na maji hubaki ikingoja kuvunjwa na bakteria walio katika utumbo wa mlaji. Ndiyo maana mwongozo wa Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, wa mwaka 2013 kuhusu mihogo unategemea hatua kama kukuna, kuloweka na kuchachusha, na kanuni hiyo hiyo ndiyo inayofaa kwa tishu yoyote yenye glikosidi za aina hii: pondeni, zipeni muda, kisha pikeni bila kifuniko mahali penye hewa ya kutosha.

Kwa sharubati ya maua ya Sambucus nigra, kichaka chenye vichala vya maua madogo meupe, hata hivyo, kazi muhimu hufanywa na mkasi. Shikeni kichala kimoja mkigeuze juu chini, mtaona vikonyo vya kijani vimetawanyika kama mbavu za mwavuli. Majani na vikonyo vya mmea huo vina glikosidi za sianidi, kwa hiyo kateni karibu kabisa na ua, mbakize nyota nyeupe peke yake, na jani lolote lililochanganyika litupwe. Ni kazi ya kuchosha, na inampasa kila anayesindika aifanye kwa uaminifu bila kukimbilia kujaza ndoo.

Sasa nije kwenye maua ambayo hayafai kuingia jikoni kabisa. Kolchisini, sumu iliyomo katika mimea ya Gloriosa na Colchicum, hustahimili kuchemshwa. Vivyo hivyo msitegemee sufuria kuyafanya salama maua ya Datura, Digitalis na oleanda. Hakuna namna ya usindikaji wa kawaida ninayoweza kuwashauri kwa mimea hiyo, wala msijaribu kutafuta.

Kuhusu jua, jibu langu ni hapana. Kuanika huondoa maji, na petali nyingi zina maji zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake, maana yake kilo 5 mbichi hubaki chini ya kilo 1, na sumu isiyopaa hubaki ikiwa imekolea. Daktari Mwingereza William Withering, alipoeleza mwaka 1785 matumizi ya Digitalis kama dawa, alitumia pia majani yaliyokaushwa na kusagwa, na nguvu yake ilikuwa bado imo.

Alkaloidi za pirolizidini, ambazo hudhuru ini, hustahimili kukaushwa na huingia katika kikombe cha chai. Zimo katika Borago officinalis, ambayo maua yake ya buluu hupendwa kwa mapambo ya vyakula. Mimi nisingeyauza kama chai ya kila siku. Mwongozo wa Codex wa mwaka 2014 kuhusu alkaloidi hizo unahusu udhibiti wa magugu, yaani tatizo linazuiwa shambani, kabla ya mavuno. Hivyo hata ua lililo salama linaweza kuchafuliwa na gugu lililovunwa pamoja nalo, na ulimi hauwezi kutegemewa kuligundua.

Ushauri wangu ni kwamba muache kipimo kimoja cha dakika 20 kwa kila kitu. Kila ua liwe na karatasi yake yenye jina la kisayansi, sehemu inayoliwa, sumu inayojulikana, na namna sumu hiyo inavyoondoka. Mkulima awaambie kilichoota kando ya maua yake, na shehena ya chai ipimwe maabara kabla ya kuuzwa. Na yale mliyokwisha kuyafungasha bila kulijua jina lake la kisayansi, yaondoeni sokoni leo, mmweleze mteja sababu.