Uliza Sista: Kichwa cha mwanangu kinazidi kukua, na maswali mengine ya ubongo na mgongo

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua za ubongo na mgongo zimekuwa nyingi kuliko za presha na kisukari, nami nimezeekea kwenye wodi ya wagonjwa hao kwahiyo nimeamua ukurasa mzima uwe wao. Nimechukua nne. Majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo sista. Nina mtoto wa kiume wa miezi minne. Alizaliwa salama kabisa, wiki ya tatu akashikwa na homa na degedege tukalazwa, akapona tukarudi nyumbani. Sasa kuanzia mwezi wa pili naona kichwa kinakua kuliko mwili, utosi umetuna, mishipa ya kichwani inaonekana na macho muda wote anaangalia chini. Mama mkwe anasema mtoto karogwa na kuna mganga ameshamchanja chale. Nilienda hospitali moja nesi akanifokea mbele za watu eti nimekaa na mtoto ndani mpaka kaharibika, nikatoka nalia na sijarudi tena. Baba yake saivi analala kwa kaka yake. Nimesikia wanawawekea mpira kichwani alafu wanakufa. Naomba unisaidie sista. Mama wa Kahama.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, pole tena. Nianze na hilo la kufokewa maana ndo lililokukalisha nyumbani. Hukustahili. Mama aliyebeba mtoto mgonjwa hafokewi, anapewa kiti, na mimi kama nesi nakuomba radhi kwa niaba ya kazi yetu. Lakini nakuomba pia usimpe yule nesi nafasi ya kumnyima mwanao matibabu, rudi, tena rudi kesho asubuhi, na ukiona hospitali ile huiwezi nenda nyingine.

Sasa ugonjwa wenyewe. Dalili ulizotaja zote nne, kichwa kukua haraka, utosi kutuna, mishipa kuonekana na macho kuangalia chini (madaktari wanaiita dalili ya jua linalozama), zinaelekea sana kwenye kichwa maji. Ndani ya ubongo kuna vyumba vyenye maji, mtu mzima anatengeneza kama nusu lita ya maji hayo kila siku na mwili unayanyonya kila siku, hayabaki. Njia ikiziba maji yanajaa, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijaungana basi fuvu linatanuka. Kwetu huku Afrika Mashariki sababu kubwa mojawapo ni maambukizi ya ubongo kwenye wiki za mwanzo za maisha, homa na degedege kama aliyopata mwanao, usaha na makovu vinaziba zile njia. Kwahiyo mwambie mama mkwe kwa heshima zote, hii ina chanzo kinachojulikana na wala hakuna mtu aliyemfanyia mjukuu wake ubaya. Na chale zikome kabisa. Sio kwamba nambishia mganga tu, ni kwamba kidonda kichwani kinaweza kufanya upasuaji uahirishwe, daktari haweki mpira kwenye ngozi yenye maambukizi.

Ukifika waambie wampime mzunguko wa kichwa, utepe unapita juu ya nyusi na kuzunguka pale kisogo kinapotokeza zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni huzaliwa na kama sentimita 35 hivi, alafu miezi mitatu ya kwanza inaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, baada ya hapo mwendo unapungua. Waombe waandike namba na tarehe kwenye kadi ya kliniki, kila wakipima waandike, maana namba moja haisemi sana lakini namba tatu zinazopanda mbio daktari akiziona haombi maelezo mengi. Kwa kuwa utosi bado uko wazi wanaweza kuangalia kwa ultrasaundi kupitia hapo hapo utosini, haina mionzi na mtoto haumii. Alafu omba rufaa. Kutoka Kahama iliyo karibu ni Bugando pale Mwanza, watoto hawa wanawafanyia upasuaji, na kwa Dar ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile MOI. MOI wamewahi pia kuzunguka mikoani pamoja na GSM Foundation wakiwafanyia upasuaji watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi (waliozaliwa uti wa mgongo haujajifunga vizuri) huko huko waliko, kwahiyo uliza pia hospitali ya mkoa kama kuna kambi inakuja, ila usikae kuisubiri.

Huo mpira uliousikia unaitwa shanti. Ni mrija mwembamba unaanzia kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani mpaka tumboni, na maji yakifika tumboni mwili unayanyonya. Nje hauonekani, utagusa tu kauvimbe kadogo kichwani. Watoto wanakua nao, wanasoma nao. Ubaya wake ni kwamba unaweza kuziba au kupata maambukizi, na hapo ndo wanapofariki wengine, mama yuko mbali na hospitali anadhani ni malaria anatibu malaria. Akishawekewa alafu ukaona anatapika, analala kupita kawaida, utosi umetuna tena, ana homa au anapata degedege, siku hiyo hiyo mrudishe, hata kama ni Jumapili.

Kuna njia ya pili isiyoacha mpira. Daktari anaingiza kamera nyembamba anatoboa kitundu kwenye sakafu ya chumba kimoja cha ubongo maji yapate njia mpya, na kwa watoto wadogo anaunguza pia sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Kuunganisha mambo haya mawili kulianzishwa jirani zetu hapo Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, na daktari Mmarekani Benjamin Warf miaka ya mwanzo ya 2000, sababu alikuwa anaona watoto wenye shanti wanarudi vijijini ikiziba hakuna wa kuwasaidia. Nafurahi kila nikilisema hili, njia iliyokuzwa Mbale leo inafundishwa mpaka Marekani. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 100 hapo hapo Uganda, nusu shanti nusu kamera, baada ya mwaka mmoja ukuaji wa akili haukuonyesha tofauti kati yao. Kwahiyo usiumize kichwa mwanao kapewa ipi, muulize daktari kwa nini kachagua hiyo na akujibu mpaka uelewe.

Sitakudanganya kwamba kichwa kitarudi kuwa kidogo. Lengo ni kisimamishwe na ubongo upumue, na kama ile homa iliharibu sehemu ya ubongo upasuaji haurudishi sehemu hiyo. Wapo wanaochelewa kukaa na kutembea, wapo wanaoenda shule na wenzao. Nauli na gharama zikikushinda kaone ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali, usikimbie kimya kimya usiku kama wanavyofanya wengine. Na baba yake umuombe aje siku ya kuongea na daktari tu, hata kama harudi nyumbani. Kina baba wengi nimewaona wakiishaonyeshwa picha ya ubongo wa mtoto wakaelezwa kwa Kiswahili cha kawaida ile aibu inaondoka, na wakati mwingine ndo wao wanaokuja kumbeba.

Wakati unasubiri safari, ukimnyanyua weka kiganja chini ya kisogo kwanza ndo mkono mwingine mgongoni, kichwa kile ni kizito na shingo yake haikimudu. Akiwa amelala mgeuze kila baada ya masaa mawili hivi, kulia, kushoto, kulia, maana ngozi ya kisogo inachubuka haraka sana ikilaliwa upande mmoja.

SWALI: Sista habari. Mzee wetu ana miaka 74, mwezi uliopita alijigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, hakuzimia wala hakutoka damu tukasahau. Sasa wiki ya pili hii anasahau sahau, analala mchana kutwa, asubuhi analalamika kichwa na mguu wa kushoto anauburuza. Ndugu wengine wanasema uzee, wengine wanasema kiharusi apelekwe kwa mama wa kukanda. Anatumia dawa za kulainisha damu kwa ajili ya moyo. Kijana wa Morogoro.

JIBU: Mpeleke leo, barua yako naijibu kwanza kwa simu kabla haijachapwa. Hiyo habari ya kujigonga mwezi uliopita pamoja na hizo dawa mwambie daktari wa kwanza utakayekutana naye, kabla hajauliza, na paketi za dawa ubebe mkononi. Msizikatishe wenyewe, hilo ataamua daktari.

Wazee ubongo unapungua kidogo ndani ya fuvu, vimishipa vya juu yake vinabaki vimevutika, pigo dogo tu kimoja kinapasuka na damu inavuja taratibu kwa wiki kadhaa, na dawa za kulainisha damu zinaongeza. Inakandamiza ubongo pole pole ndo maana inafanana na uzee au kiharusi. Siti skani inaonyesha kwa dakika chache. Ikiwa ndo yenyewe, wanatoboa tundu moja au mawili kwenye fuvu wanaitoa hiyo damu, wengine wanafanyiwa kwa ganzi tu bila nusu kaputi, kisha wanaacha kampira ka kutoa mabaki kwa siku moja mbili. Haya ni mojawapo ya matibabu ninayoyapenda kuliko yote wodini kwetu, mzee anaingia hamjui mwanaye wa kwanza, asubuhi yake anaulizia chai na anataka kujua nani amefunga duka. Sio wote, na kwa wachache damu inajikusanya tena, kwahiyo akiruhusiwa mkae macho. Kukandwa hapana.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma. Nina maumivu ya kiuno yanayoshuka mguu wa kulia mpaka kidole gumba, MRI imeonyesha diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano imetokeza imebana mshipa. Daktari anasema upasuaji, kijiweni wananiambia ukipasuliwa mgongo unapooza. Naogopa sista, nina watoto wanne.

JIBU: Pole kaka. Kwanza niambie ni muda gani umeumwa, hukusema. Wengi wenye diski ya hivyo wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 kwa dawa, mazoezi ya fiziotherapia na kupunguza kukaa muda mrefu, kwahiyo kama ni wiki ya tatu na mguu una nguvu una haki ya kumuuliza daktari kama mnaweza kusubiri kwanza. Kama umemaliza miezi na hulali usiku, au mguu unaishiwa nguvu, hapo upasuaji una maana.

Kuhusu kupooza, uti wa mgongo wenyewe kwa mtu mzima unaishia juu, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Huko chini kwako kwenye ya nne na ya tano kuna mishipa ya fahamu inayoshuka, uti haupo. Hatari zipo, maambukizi, mshipa kuumia, diski kutokeza tena, na daktari akutajie zote kabla hujasaini. Lakini saivi wanachana sehemu ndogo, wanatumia darubini kutoa kile kipande kinachobana tu, na wagonjwa wengi tunawanyanyua kutembea siku inayofuata. Hao wa kijiweni wengi wao walimuona mtu aliyepooza kwa sababu alichelewa, au kwa TB ya mgongo, au kwa ajali.

Ila shika hili na mkeo alijue. Ukianza kufa ganzi sehemu za siri na makalio, au mkojo unagoma au unatoka wenyewe, au haja kubwa huihisi, au miguu yote miwili inalegea, usiku huo huo uende hospitali yenye upasuaji wa mgongo, hata kama uko Makambako na mzigo. Masaa yana maana hapo. Na kama una homa za jioni, unatoka jasho usiku na unapungua mwili sema pia, TB ya mgongo ina matibabu yake na dawa za TB ni bure.

SWALI: Dada, mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, alifanyiwa upasuaji anaendelea vizuri kiasi. Nataka mwingine ila naogopa. Kuna kinga? Mama K., Tanga.

JIBU: Ipo, tena usianze kutafuta mimba kabla hujaianza. Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, hapo wanawake wengi hata hatujajua kama tuna mimba, ndo maana vidonge vya kliniki ya wajawazito vinakuwa vimechelewa kwa jambo hili. Mwanamke yeyote anayepanga kuzaa anatakiwa apate asidi ya foliki (aina ya vitamini B) mikrogramu 400 kila siku, ila wewe uliyeshapata mtoto wa hivyo unahitaji dozi kubwa, miligramu 4 au 5 kwa siku, kwa kuandikiwa na daktari, uanze mwezi mmoja mpaka mitatu kabla na uendelee hadi wiki ya 12 ya mimba. Utafiti mkubwa uliotoka 1991 ulionyesha dozi ya miligramu 4 inapunguza kujirudia kwa karibu asilimia 70. Bila dawa, hatari ya kujirudia ni kama 2 mpaka 5 kati ya 100, kwahiyo hata hivyo uwezekano wa kumpata asiye na tatizo ni mkubwa.

Usijaribu kufikisha dozi hiyo kwa kumeza vile vidonge vya damu vingi vingi, vina madini ya chuma utajidhuru, omba vya foliki peke yake. Kama unatumia dawa za kifafa mwambie daktari sasa hivi, kuna zinazoongeza hatari hii, hasa valproeti, lakini usiache mwenyewe. Unga uliowekewa virutubishi unasaidia, wa kusagisha mashine ya mtaani kwa kawaida hauna. Ukipata mimba fanya ultrasaundi kati ya wiki ya 18 na 20 na jiandae kujifungulia hospitali. Na huyo mkubwa, kama hujamrudisha kliniki siku nyingi, mpeleke wakamcheki figo na kibofu, watoto wa mgongo wazi wengi mkojo hautoki wote hata kama wanatembea, na kuna namna ya kuutoa kwa mpira mdogo nyumbani ambayo nesi anakufundisha kwa siku moja ukaweza.