Usingoje Upone Ndipo Uanze Kuishi

Tangu leso (kanga) ya kwanza niliyoichora iingie madukani hapa Mombasa nimepokea ujumbe mwingi, na mmoja umenikaa moyoni. Umetoka kwa binti wa Kisauni mwenye usonji (autism) kama mimi, anayechora vizuri sana, ambaye jamaa zake wamemwambia kwamba mambo ya kupanga chumba na kuuza michoro ayaweke kando mpaka apate nafuu. "Dada, nitapata nafuu lini?" ameniuliza. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa najua wako wengi wanaongoja kama yeye.

Mdogo wangu, usonji si homa. Ndivyo ubongo wako ulivyo tangu kuzaliwa, na utazeeka nao. Mimi pia niliambiwa ningoje. Katika harusi moja ya ukoo, nikiwa nimejibanza jikoni kukimbia kelele za spika, nilimsikia jamaa yangu wa karibu akiwaambia wenzake kwamba sitajiweza maisha, na kwamba mama akifa nitabaki kuwa mzigo wa watu. Maneno hayo sijayasahau, na hata leo, nikiwa na ufunguo wa mlango wangu mwenyewe, bado yananichoma.

Bibi yangu ndiye aliyeniona nilivyo. Nikiwa mdogo nilikuwa nikilala mapajani mwake nikifuata pindo la leso yake kwa kidole, na nikifika pembeni nikakuta maua hayakukutana sawasawa, nilikuwa nalia. Wengine walisema ni wazimu. Bibi alinifungulia sanduku lake, akaniacha nichague leso ambazo pembe zake zimekutana, kisha akawa havai nyingine mbele yangu.

Jina la hali yangu nililipata ukubwani, jambo la kawaida kwa wasichana, kwa sababu wengi wetu hujifunza mapema kuiga wenzetu mpaka tukaonekana wapole tu. Daktari aliponiuliza kuhusu kelele, mwanga na vitambaa vinavyowasha ngozi, nilishangaa kwamba maswali hayo yapo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 ndio ulioyaweka waziwazi miongoni mwa dalili za usonji. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nitahama.

Nilihamia chumba kimoja Tudor nikiwa bado naogopa kupiga simu, na bado naogopa. Kodi nailipa kwa M-Pesa. Muuza maji wa mkokoteni, ambaye wateja wengine humwita kwa kupiga kelele dirishani, nilikubaliana naye kwa ujumbe siku za kuleta mitungi, naye huiweka mlangoni akaenda zake. Marikiti naenda alfajiri, kabla msongamano haujaanza, na jirani yangu anayeuza mahamri na mbaazi anajua kunifungia changu bila maswali. Shughuli ya kivuko cha Likoni naikubali nikiwa tayari nimeziba masikio, na nikizidiwa naahirisha safari bila kuona haya. Wako watakaokwambia kwamba huko si kujitegemea. Waulize wao maji yao huletwa na nani.

Sasa tuje kwenye kazi, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza hasa. Leso huanza na pindo, na mchoraji hodari hujulikana pembeni, pale pindo la ubavuni linapokutana na la juu. Ukichora ua kwa kukisia, litakatika. Pima kwanza urefu na upana, ugawe, ndipo uchore. Rangi ziwe chache, maana kila rangi hupigwa kwa fremu yake, na kila fremu ni gharama ya mwenye duka. Mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, uache upumue. Jina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye leso, liwe fupi, lisomeke kwa mbali, kwa sababu Mombasa ndio mji ambao wafanyabiashara wake, Kaderdina Hajee Essak mwenye chapa ya Mali ya Abdulla akitajwa kuwa wa mwanzo, walianza kuandika majina kwenye leso mapema katika karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Wanunuzi wa hapa wanajua kupima maneno.

Mfanyabiashara wa kwanza niliyemwendea aliona simtazami usoni, akaniambia nimlete mtu mzima wa kuzungumza naye. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Wa pili, mzee wa Mtaa wa Biashara, hakusema neno. Alivaa miwani, akatandaza karatasi juu ya meza, akafuata pindo kwa ukucha wa kidole gumba hadi pembeni, akageuza karatasi, akafuata pembe ya pili, kisha ya tatu na ya nne. "Pembe hizi amekufunza nani?" aliuliza. Nikamwambia ni bibi. Jina nililomwandikia ni MLONIHESABU SIMO, NIMO, na hakubadilisha hata herufi.

Nanyi akina mama mnaosoma, msimfiche mtoto ndani mkidhani mnamsitiri. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na asiitwe kwa namna ya kumdunisha, na heshima hiyo inaanzia sebuleni kwenu, mbele ya wageni. Mpelekeni akapimwe katika hospitali ya serikali, aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, apate kadi yake. Ikiwa anaimba, anashona au anachora, mpeni muda na vifaa sasa, angali chini ya paa lenu, asije akajifunza kujiamini kwa watu baki.

Wewe wa Kisauni, chora robo moja tu ya pindo, kwa kalamu nyeusi, bila rangi yoyote. Ipige picha mchana karibu na dirisha, kisha unitumie. Mama yako akitaka kuuliza lolote, aniandikie, nami nitamjibu yote.