Maswali ya Safari za Usiku Majini

Shikamoo nahodha. Ngalawa yangu haina mashine wala betri. Je, nalazimika kuwa na taa, na hizi meli kubwa zote zina rada? (Mvuvi, Mkokotoni)

Marahaba. Ndiyo, ni lazima. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinakitaja hata chombo kama chako. Chombo cha tanga kisichofika mita 7, ikiwa hakiwezi kufungwa taa za rangi, kiwe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, ionyeshwe mapema.

Rada usiitegemee. Mbao na tanga huonekana hafifu mno, na kusi likichafuka unapotelea kwenye mawimbi. Mwenyewe nimewahi kusikia watu wakizungumza gizani kabla sijaiona ngalawa yao. Tulipishana kwa urefu wa kasia. Wao walikuwa wameniona zamani, wakadhani nami nawaona.

Beba tochi mbili, moja uifungie ndani ya chupa ya plastiki yenye mfuniko. Chombo kikikaribia, mulika tanga lako ling'ae lote, ndipo utaonekana kwa mbali.

Usiku nitajuaje kama meli inanijia mimi? (Kijana mwenye boti ya faiba, Kigamboni)

Kwa aliye ndani ya chombo akitazama omo, yaani mbele ya chombo, taa nyekundu iko kushoto na kijani kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, imekuelekea. Ukiona nyekundu tu, unatazama ubavu wake wa kushoto.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini zaidi. Shika mwelekeo mmoja, kisha linganisha taa ile na kitu kilichosimama ndani ya boti yako. Ikisogea mbele au nyuma, huenda mkapishana. Ikiganda palepale huku inakua, mnakwenda kukutana. Geuka mapema, tena geuka sana, mwenzako aone umegeuka. Meli iliyosheheni makontena haisimami kama daladala, inahitaji zaidi ya kilomita nzima.

Na simu iweke mfukoni. Macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza, na kioo cha simu kinakurudisha mwanzo kwa dakika moja.

Mwanangu anavua dagaa ziwani. Jaketi la kujiokolea hataki, anasema linamzuia kuvuta wavu. (Mama, Mwanza)

Mama yangu, wasiwasi wako ni wa haki. Taa za dagaa huwavuta samaki, lakini huwapofusha wavuvi: nje ya lile duara la mwanga hawaoni kitu. Akitupwa majini na kamba, hatapata nafasi ya kulitafuta jaketi chini ya mbao. Yapo mepesi yanayoacha mikono huru, atafute la namna hiyo, alifunge na filimbi. Pia, kila jioni akwambie anavua upande gani, na nani, na anarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita, usingoje kuche. Piga 112 na uwaamshe watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga.

Nahodha akinywa kidogo kuondoa baridi, kuna ubaya? (Tanga)

Upo. Pombe hufanya ngozi ihisi joto huku mwili ukilipoteza. Anywe chai ya tangawizi.

Boti imejaa, nauli nimeshalipa, na safari ni ya usiku. Nifanyeje? (Abiria, Wete)

Usipande, ndugu yangu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Wapo abiria walioona ilivyojaa wakakataa kupanda, nao walikuwa wamejiandaa kusafiri kama wewe. Nauli utaitafuta tena.

Tukipinduka, niogelee kuzifuata taa za pwani? (Baharia, Bagamoyo)

Hapana. Taa za pwani usiku huonekana jirani kuliko zilivyo, na mkondo hauonekani kabisa. Chombo cha mbao kilichopinduka mara nyingi huendelea kuelea, na anayewatafuta atakiona kabla ya kuona kichwa chako. Kishikeni, mjifunge pamoja kwa kamba, mhesabiane kwa majina. Filimbi ipulizwe mara tatu, mpumzike, ipulizwe tena.