Krismasi ya ukoo: maswali yenu ya jikoni

Desemba ikishika kasi, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa, na kule migombani kila boma linaanza kuhesabu vichwa. Maswali mengi ya mara hii yametoka kwa wale wanaopokea wageni, si kwa wanaokuja.

Mwaka huu ukoo unakutana kwetu Marangu, watu wazima kama 40 na watoto 20. Ninunue chakula kiasi gani? Naogopa kisije kikapungua. (Mama wa Marangu)

Mama, watoto wawili wahesabu kama mtu mzima mmoja, kwa hiyo unalisha watu 50. Kilo moja ya mchele hutosha watu 8 ikiwa ni wali peke yake, na kama 10 mezani pakiwa na ndizi. Kilo 5 zinatosha. Nunua 6 ulale usingizi.

Nyama weka robo kilo kwa kila mtu, pamoja na mifupa. Hapa ndipo wengi hukwama. Mbuzi mwenye kilo 25 akiwa hai hutoa nyama kama kilo 11 au 12 tu, ukiacha kichwa, miguu na utumbo. Ukimbanika mzima, awe ndafu wa kukata mbele ya wageni, hana cha kubaki kwa ajili ya sufuria nyingine. Basi agiza na kilo 5 za ng'ombe buchani: 3 za pilau, na 2 zenye mifupa kwa mtori, ile supu nzito ya ndizi.

Mbuzi mnunue mapema, kabla bei ya wiki ya sikukuu haijapanda, umfunge bandani umlishe majani. Na kwa kuwa unachinjia nyumbani, mwite mkaguzi wa nyama wa eneo lako aje aione kabla haijaingia jikoni.

Chapati? Ningekushauri uzipunguze. Kilo ya unga hutoa chapati 10 hadi 12, na kuwasukumia watu 50 ni kumfunga mtu jikoni tangu asubuhi. Pika za watoto tu, tarehe 24 jioni, uzipange kwenye hotipoti.

Pilau ya watu wachache naiweza. Nikipika ya sherehe, chini inaungua na juu mchele mbichi. Kosa ni nini? (Dada wa Tabata)

Dada, maji na moto. Kwenye sufuria ndogo umezoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Sufuria kubwa haipotezi mvuke kwa kiasi hicho, kwa hiyo ukifuata kipimo kilekile unapata bokoboko; ukiogopa bokoboko unachochea moto, na chini kunaungua. Shuka hadi kikombe kimoja na nusu. Kama umeloweka mchele, punguza tena kidogo.

Usipike kilo 6 kwenye sufuria moja. Gawa mbili.

Nyama ichemke kwanza mpaka iive, na supu yake ndiyo uipime badala ya maji. Kaanga vitunguu taratibu mpaka viwe kahawia iliyokolea, karibu na rangi ya chai ya rangi, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Tia tangawizi na kitunguu saumu, kisha bizari ya pilau, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, ndipo nyama, supu na chumvi. Onja. Supu iwe imezidi chumvi kidogo ulimini, maana mchele utainywa. Ikitokota, mimina mchele, geuza mara moja au mbili.

Supu ikishakaribia kukauka, ukaona vitundu juu ya mchele, toa kuni zote. Bakiza makaa machache chini, funika, halafu palia makaa mengine juu ya mfuniko. Kuanzia hapo moto wa juu ndio unaoivisha, na huo ndio unaokosekana kwako. Acha nusu saa bila kufunuafunua.

Na uchague mchele uliokaa. Mchele mpya wa Kyela unanukia vizuri, lakini bado una unyevu na hushikana. Uweke wa wali mweupe.

Binti yetu ameolewa na kijana Mwislamu wa Tanga, na wazazi wake watakuwa nasi Krismasi. Sitaki waone haya kula kwangu. (Baba wa Machame)

Mzee, mwombe mkweo achinje yeye, au alete Mwislamu mwingine, na wazazi wake wajue hivyo kabla hawajafika. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, isiwepo kabisa siku hiyo, hata kwenye jiko la uani. Sufuria zilizowahi kuipika zikae stoo, uazime nyingine.

Kisusio, ile supu yetu ya mbuzi, kina damu, na damu kwao ni haramu. Ningekiacha mpaka wageni waondoke, maana mwiko wa kukorogea ukihamishwa sufuria kwa bahati mbaya unaharibu chakula chote. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo iende na wazee kwenye kibanda chao. Mezani weka juisi na chai ya maziwa kwa wote, ili wakwe wasionekane kama waliotengewa.

Niwaombe ndugu wa mjini mchango, au ni aibu? (Msomaji wa Arusha)

Omba. Ila usiombe hela, taja kitu: huyu lita 5 za mafuta, yule kreti mbili za soda. Orodha ifike kwenye kundi la ukoo kabla ya tarehe 15.

Pilau iliyobaki inaweza kulala? Hatuna friji. (Mama wa Same)

Hapana, mama. Kuna vijidudu vya kwenye mchele ambavyo kupika hakuviui vyote. Wali ukikaa vuguvugu vinaongezeka na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto. Mwenye friji autandaze kwenye sinia upoe haraka, auingize kwenye friji kabla saa mbili hazijapita tangu uive, na uliwe kesho yake. Wewe gawa sahani kwa majirani jioni ileile.

Kila Krismasi nakula saa kumi jioni, nimesimama jikoni, wageni wameshashiba. Mwaka huu nami nataka kukaa mezani. (Mke wa mtoto wa kwanza, Rombo)

Mdogo wangu, barua yako nimeirudia. Una haki hiyo, na haihitaji ugomvi, inahitaji kugawa kazi tarehe 23. Moto, kuni na mbuzi ni vya shemeji zako kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na kukata na kugawa nyama. Kuosha vyombo ni kwa vijana waliotoka mjini. Waambie wakiwa bado hawajapanda basi. Wifi zako wamenye ndizi tarehe 24 jioni, ziloweke kwenye maji zisiwe nyeusi. Mtori upikwe alfajiri kabla ya ibada, kachumbari ikatwe watu wakishanawa mikono.

Mwambie mumeo mapema kwamba sala ya chakula haianzi mpaka wapishi wote wamevua aproni. Aseme yeye, mbele ya baba yake. Wakati wa kupakua, sahani yako iwekwe mezani pamoja na ya mama mkwe, na kiti chako kiwe mbali na mlango wa jikoni.