Likizo kwenye maabara ya saratani: utafanya nini hasa?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukipata nafasi ya likizo ndefu kwenye maabara ya utafiti wa saratani hapa Kampala utagusa hadubini au utatumwa chai tu. Chai hakuna, chakula na kinywaji haviingii maabara!

Wiki za mwanzo ni pipeti (kifaa cha kuvuta na kupima kiasi kidogo sana cha kimiminika) na lebo. Utavuta maji na kuyapima kwenye mizani mpaka kidole gumba kianze kuuma: mikrolita 100, yaani sehemu ya kumi ya mililita moja, lazima zisome gramu 0.1, ukikosea unarudia. Mimi niliwahi kuandika lebo kwa kalamu ya kawaida. Barafu ikayeyuka, namba zikafutika, sampuli kumi na mbili zikatupwa. Beba kalamu ya wino usiofutika, na uandike ubavuni pia, si kwenye kifuniko tu.

Hadubini itakuja. Omba uonyeshwe limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akifanya kazi hapahapa hospitali ya Mulago: seli zimebanana, katikati vidoa vyeupe kama nyota. Virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa mwaka 1964 kutokana na uvimbe wa saratani hiyohiyo uliosafirishwa kutoka Uganda hadi London.

Halafu, kwa kuwa utashika sampuli za damu, chanjo ya homa ya ini B anza sasa, dozi tatu huchukua miezi sita.