Jino likicheza, usikimbilie waya

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya meno hapa Tanga, mgonjwa huyu mtakutana naye kabla wiki haijaisha. Meno manne ya mbele ya chini yanacheza, fizi zimeshuka, ugaga umeganda kwa nyuma. Naye anasihi: "Daktari, yafunge tu yasije yakadondoka."

Mwaka wangu wa kwanza nilimkubalia mama mmoja, muuza samaki wa Deep Sea. Nilisafisha juujuu, nikapitisha waya wa kuyafunga meno pamoja, akaondoka anacheka. Aliporudi, karibu mwaka ulikuwa umepita. Waya ulikuwa imara; mfupa ndio haukuwapo. Nilimng'oa meno matatu yakiwa bado yameshikana, na kicheko chake cha siku ile ya kwanza kinaniuma mpaka leo.

Waya hautibu fizi. Unashikilia tu, huku ugonjwa ukiendelea kula mfupa chini, na mgonjwa hahisi tena kule kulegea kulikokuwa kukimshtua.

Kwa hiyo anzeni na fizi. Ondoeni ugaga hadi chini ya fizi, mfundisheni kupiga mswaki, muulizeni kuhusu kisukari na tumbaku. Angalieni na mng'ato, yaani jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana: weka kidole mbele ya meno ya juu, mwambie aume; jino likisukuma kidole, linagongwa kupita kiasi, lirekebishwe. Kisha subirini wiki 6 hadi 12. Uvimbe ukiisha, meno mengi hukaza yenyewe.

Pimeni kulegea kwa jino kwa mipini ya vifaa viwili, maana nyama ya kidole hudanganya. Likisogea hadi milimita 1 ni daraja la kwanza. Likizidi hapo, la pili. Likizama na kupanda, la tatu. Andikeni kwenye faili, kwa sababu kipimo cha leo kina maana kikilinganishwa na cha jana. Jino lililolegea bila kuzidi, na mwenyewe anatafuna muhogo wake bila taabu, liacheni. Nafunga pale fizi imetulia lakini kula bado ni mateso, au jino linazidi kulegea hata baada ya kurekebisha mng'ato. Mara chache hufunga mapema kwa muda, meno yakicheza hadi siwezi kuyasafisha.

Ukifunga, egemeza kwenye meno imara ya pembeni, na uache nafasi kati ya jino na jino. Kabla hajashuka kitini, mpe kioo na kibrashi chembamba apitishe mwenyewe chini ya waya. Kisipopita, punguza resini, ile gundi inayoshika waya, siku hiyo hiyo.