Daftari zilijaa rangi, mtihani ukanishinda

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa kujiunga na chuo kikuu nilikuwa nimesoma miezi mitano mfululizo. Kila sura nilikuwa nimeipitia mara tatu au nne, daftari zimejaa mistari ya njano na kijani, na kuna usiku kadhaa usingizi ulinichukulia mezani. Matokeo yalipotoka, sikufikisha alama za kozi niliyoitaka. Nililia, kisha nikakaa wiki kadhaa bila kutaka kuona kitabu.

Mwaka uliofuata nilirudia. Muda wa kusoma ulikuwa mdogo zaidi, maana mchana nilikuwa kazini, lakini nilifaulu. Tangu hapo wadogo zangu na rafiki zao huniuliza nilibadili nini. Nilibadili jambo moja kubwa: muda mwingi niliokuwa nautumia kusoma nikauhamishia kwenye kujipima.

Ukisoma ukurasa uleule mara ya nne, unauona kama mtu mliyezoeana. Moyo unakwambia, "Hili nalijua." Lakini kumtambua mtu akipita mbele yako ni kazi nyepesi kuliko kumchora akiwa hayupo, na mtihani unakutaka uchore. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya habari wavisome. Baadhi walivirudia kuvisoma, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mimi miezi mitano ile nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa baada ya dakika 5.

Kwa hiyo, siku ya kwanza kabisa ya maandalizi, kabla hujafungua kitabu chochote, tafuta mtihani wa mwaka uliopita na uufanye wote. Weka saa mezani, simu iwe chumba kingine, na muda ukiisha weka kalamu chini hata kama umebakiza maswali kumi. Alama zitakuwa mbaya na utaumia. Vumilia, kwa sababu hiyo ndiyo ramani pekee ya kweli utakayoipata.

Kisha fungua daftari la makosa. Hiki ndicho kitu ninachokithamini kuliko vyote nilivyofanya mwaka ule. Kwa kila swali nililokosa niliandika swali lenyewe, jibu sahihi, na sababu ya kukosa: sikujua kabisa, nilijua lakini nikasoma swali vibaya, au muda ulinibana nikakimbilia jibu. Baada ya mitihani mitatu nilishtuka. Karibu nusu ya alama nilizopoteza zilikuwa za mambo ninayoyajua. Nilikuwa naruka maneno kama "isipokuwa" na "si sahihi". Ningesoma mwaka mzima tena na kosa hilo lingebaki palepale, kwa sababu halikuwa tatizo la elimu. Dawa yake ilikuwa kupigia mstari neno linaloamua swali kabla ya kugusa majibu.

Maswali ya daftari hilo niliyarudia baada ya siku mbili, kisha wiki, kisha wiki tatu. Tangu Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba kusahau kuna kasi kubwa mwanzoni, kisha kunapungua. Ukilirudia jambo linapoanza kufifia, linashika zaidi kuliko ukilisoma mara tano kwa mkupuo mmoja usiku wa leo.

Ujue pia mtihani wako unavyohesabu alama. Watu wengi niliokutana nao hawajawahi kusoma maelekezo hayo, na inanisikitisha, kwa sababu ni kurasa chache tu. Chukua SAT ya sasa, mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani unaofanywa kwenye kompyuta: maswali 98 kwa dakika 134, yaani chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Kila somo lina sehemu mbili, na ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza, kwa hiyo uzembe wa mwanzo unakufuata. Tangu 2016 mtihani huo haukati alama kwa jibu lisilo sahihi, basi kuacha swali wazi ni kutupa nafasi bure. JEE Main, mtihani wa kujiunga na vyuo vya uhandisi India, ni tofauti: swali la kuchagua hukupa alama 4 ukipata na kukukata 1 ukikosa. Hapo usiogope kupita kiasi. Kati ya majibu manne, ukiweza kuondoa hata mawili kwa uhakika, ukabahatisha kwenye yaliyobaki, hesabu iko upande wako kabisa. Kwenye sehemu ya kuandika ya IELTS, mtihani wa lugha ya Kiingereza, insha ya pili ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza, lakini nimeona watu wakimaliza dakika 35 kati ya 60 kwenye ile ya kwanza.

Sasa maombi yenyewe. Hapa nilifanya makosa ambayo hayahusiani na akili hata kidogo. Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa lilitofautiana herufi moja na la cheti cha shule, na nililigundua dirisha la maombi likiwa limebakiza siku nne. Zitandaze karatasi zako zote mezani leo, cheti kwa cheti, na usome jina na tarehe herufi kwa herufi. Angalia na muda wa matokeo: alama za IELTS na za TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza, hutambuliwa kwa miaka miwili tu.

Barua ya mapendekezo nilimwomba mwalimu wangu siku tatu kabla ya mwisho. Aliandika, Mungu ambariki, lakini ilikuwa mistari sita ambayo ingemfaa mwanafunzi yeyote. Mara ya pili nilimwendea wiki sita mapema, nikamwachia ukurasa mmoja: kozi ninayoomba, kwa nini, na mambo mawili niliyowahi kuyafanya darasani kwake ambayo huenda ameyasahau. Mwalimu ana wanafunzi wengi. Kumkumbusha kwa adabu ni kumsaidia.

Insha ya kujieleza ianze mapema kuliko unavyodhani. Mfumo wa Common App, unaotumika kuomba vyuo vingi vya Marekani, unakupa maneno yasiyozidi 650. Ule wa UCAS wa Uingereza, kwa wanaoanza masomo kuanzia 2026, unauliza maswali matatu na majibu yote yasizidi herufi 4,000, ukihesabu na nafasi. Udogo huo ndio ugumu wenyewe. Rasimu yangu ya kwanza ilisema napenda sayansi tangu utotoni. Mtu mmoja ninayemheshimu akaniuliza, "Lini mara ya mwisho ulikaa na jambo la sayansi bila kuambiwa na mtu?" Nikakumbuka redio mbovu niliyoifungua mara tatu mpaka ikatoa sauti. Insha ikawa ya redio ile. Jiulize swali hilohilo, na jibu litakalokuja ndilo uliandike, hata kama unaliona dogo.

Usiombe vyuo vya ndoto peke yake. Weka na viwili ambavyo sifa zao unazipita wazi, na ambavyo ungekwenda kwa moyo mweupe.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani nilipitia daftari la makosa tu, nikalifunga saa kumi na mbili jioni. Kitambulisho, kalamu na karatasi ya kuingilia niliviweka kwenye mfuko mmoja, nikaufunga na kuuweka mlangoni. Njia ya kwenda kituoni nilikuwa nimeipita siku mbili kabla, saa ileile ya asubuhi, nijue inachukua dakika ngapi. Saa tatu usiku nilikuwa nimelala, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nililala mpaka asubuhi.